Mvua Inayoogopa Bati

Nilipokuwa kijana niliamini kwamba mawingu yana masikio. Niliamini kwa moyo wote, kama ninyi mnavyoamini kwamba maji huzaliwa ukutani na kutokea kwenye koki. Habari zilizoenea Lushoto mwaka ule wa ukame zilikuwa hivi: mvua ikinyesha juu ya nyasi haisikii kitu, hushuka taratibu ikalala. Lakini ikinyesha juu ya bati, bati huipigia kelele. Mvua hushtuka, na wingu lililoileta hugeuka likaenda kunyesha kwa Wapare. Kwa hiyo kila bati jipya lililopanda mlima kutoka Mombo lilikuwa linatupunguzia mvua. Wauza viazi sokoni walisema hivyo, mpiga pasi wa karibu na posta alisema hivyo, na mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tatizo langu ni moja tu: mabati hayo nilikuwa nayapigilia mimi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya maji, mnaotumwa vijijini na mipira, pampu na vyeti. Mimi cheti changu ni cha masomo ya jioni, nilichokipata kwa mwanga wa taa ya chemni yenye moshi mzito kiasi kwamba nilikuwa natoka darasani mweusi kuliko nilivyoingia. Msinicheke haraka. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba ukitaka kujua sababu ya jambo, tazama linatokea wapi na halitokei wapi. Nikatazama. Mombo kule chini, kwenye mashamba ya mkonge, mabanda yote ya bati: pakavu, vumbi linaingia hata ndani ya yai. Shume juu kule, miti tu, bati hulioni: mvua na ukungu, mtu anaweza kuishi mwaka mzima asijue jua lina umbo gani. Nikaandika hoja yangu, mwalimu akanipa alama nzuri kwa mpangilio. Kuhusu ukweli wake hakusema kitu, nadhani alikuwa na usingizi.

Basi nilikuwa mtu wa ajabu, mchana nafukuza mvua kwa nyundo, jioni nasikitika pamoja na wenzangu kwamba mvua imekimbia.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Bakari, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye vidole vilivyokatwakatwa na bati mpaka vikawa kama vimeandikwa. Kabla ya ukame alikuwa akitengeneza koroboi, ndoo na makarai pale sokoni. Alikuwa na jibu moja kwa maswali yote ya dunia. Nikimuuliza kwa nini lehemu inakataa kushika, anajibu: shika mkasi. Nikimuuliza kama ni kweli mvua inaogopa bati, anajibu: shika mkasi. Siku moja nilimuuliza kama nioe, akanitazama kidogo, akasema nishike mkasi. Sijui kama hayo yalikuwa ndiyo au hapana, lakini mkasi niliushika.

Kutoka kwake nilijifunza mambo ambayo sijaona yakiandikwa popote. Mfereji wa paa haulazwi kwa macho. Ukiwa mlimani jicho ni mwongo, kwa kuwa kila kitu kimeegemea upande: shamba, njia, nyumba, hata mbuzi. Ukifunga mfereji ulionyooka kabisa, jicho linakuambia umeinama. Ukiuinamisha ili jicho liridhike, maji yanarudi yalikotoka. Mfereji wangu wa kwanza kuufunga peke yangu ulikuwa kwenye baraza la zumbe mmoja, yaani mtawala wa pale kwa lugha yetu ya Kishambaa. Pimamaji nililiacha mfukoni, nikaliamini jicho. Mvua ya kwanza ilipokuja, zumbe alikuwa anasikiliza kesi ya mbuzi. Maji yalikusanyika paa zima, yakakimbia upande wa ndani, yakashuka yote kwa pamoja juu ya kiti chake. Hakuinuka. Alijifuta uso kwa utulivu, akaniita kutoka kwenye ngazi, akasema, "Fundi, kesi hii ilikuwa ya mbuzi. Sasa ni ya kwako."

Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi msiinywe. Bati limekaa miezi likikusanya vumbi, mavi ya ndege na majani yaliyooza. Geuzeni bomba kando, mvua ya kwanza ioshe paa na imwagike chini, ndipo mlirudishe kwenye tangi. Mdomo wa tangi uwekwe wavu, la sivyo mtafuga mbu wenye afya kuliko watoto wenu. Haya ni mambo madogo, lakini nimeona tangi zima la saruji likiachwa kwa sababu ya mambo madogo.

Sasa nije kwenye ukame wenyewe.

Serikali ya Mwingereza ilikuwa na mpango wake wa mwaka ule, na karani aliusoma sokoni kwa sauti ya kuimba. Mito inayoteremka kwenda mjini isikatwe kwa mifereji ya mashamba huko juu. Chemchemi zilizo ndani ya msitu wa serikali zisiguswe, msitu upumzike, ulinde mito. Badala yake watu watapewa maji ya namna nyingine. Vitachimbwa visima mabondeni, pale mwamba unaporuhusu. Na kwa vijiji vya juu, ambako mwamba hauruhusu kitu, kutakuwa na maji ya paa: shule, mabaraza na misikiti iezekwe bati, ifungwe mifereji, ijengewe matangi. Serikali italeta bati na saruji, watu wataleta mawe, mchanga na mikono.

Mpaka leo sisemi kwamba ulikuwa mpango mbaya. Aliyeutunga alifikiri. Lakini paa la kukusanyia mvua, ukimpa mtu wakati mvua imegoma, ni kama kumpa sahani mwenye njaa. Hataikataa. Ila ataitazama sana.

Aliyesimamia kazi hiyo kwetu alikuwa Mwingereza kijana, mrefu, mwenye miwani, ambaye watu walimwita Bwana Matone kwa sababu popote alipoona maji yanadondoka alisimama kuyatazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akibeba vitu vyake mwenyewe na kusalimia wazee kabla hawajamsalimia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chai na kuulizia njia, na karani wake alipougua, ilitafutwa mtu mwenye Kiingereza. Nikajitokeza mimi na Kiingereza changu cha taa ya chemni. Nilikuwa nakijua chote, isipokuwa maneno.

Kijiji tulichotumwa kwanza, Bwana Matone, Fundi Bakari na mimi, kiliitwa Kwemlole. Gari liliishia barabarani, mabati yakapanda kwa vichwa vya watu, na jua likapiga juu yake mpaka nikaona mlima mzima umevaa vioo. Nilikuwa natembea nyuma nikiyatazama mawingu machache yaliyokuwepo, na nawaapia, yalikuwa yakisogea mbali kadiri tulivyopanda.

Shida ya Kwemlole iliweza kuonekana na mtu yeyote mwenye macho. Kijiji kilikuwa mgongoni mwa mlima. Mto uko chini kabisa bondeni, na wanawake walishuka kwenye giza la alfajiri na madebe, wakarudi jua limekwisha kuwa kali. Debe lililojazwa bondeni lilifika juu na nusu, nyingine imemwagika njiani. Watoto walioshwa nyuso tu. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa kwa ndugu wa mbali. Na juu ya kijiji, karibu kiasi cha kuita mtu akaitika, ulianza msitu wa serikali, na ndani yake kidogo tu ilikuwepo chemchemi ambayo haikuwahi kukauka. Zamani wote waliteka pale. Kisha vikaja vigingi vya mpaka na kibao, na mwanamke aliyekutwa ndani na debe alipelekwa barazani, debe lenyewe likiwa shahidi.

Njia ya zamani ya kwenda kule ilikuwa bado inaonekana. Ilipanda vizuri, imelainishwa na nyayo, ikafika kwenye kigingi ikakoma. Nilimuuliza Mama Rukia, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kutuliza, aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa pale, hii njia ni ya nini. Alisema ni ya mbuzi. Nikaridhika. Nilifikiri ni mbuzi wenye adabu sana, wanaotembea kwa mstari mmoja.

Kesho yake watu walikusanyika mbele ya msikiti, ambao ndio ulikuwa uezekwe. Bwana Matone alieleza mpango, mimi nikaufasiri na kuurefusha kidogo panapofaa. Alipomaliza alisimama Mzee Shechambo, mkubwa wa kijiji, mtu mkavu, mpole, kofia yake nyeupe kama jino. Aliishukuru serikali kwa muda mrefu. Alisifu bati, akasifu saruji, akausifu urefu wa Bwana Matone. Kisha akasema kwa huzuni kwamba kuna jambo dogo. Mvua ya Kwemlole ni mvua ya woga. Haijazoea kelele. Likiezekwa bati hapa, mvua iliyobaki nayo itakwenda, na wao hawana mahali pa kuifuata.

Watu wote wakaguna kukubali. Wengine wakatikisa vichwa kwa uchungu.

Bwana Matone alinigeukia akaniuliza kama amesikia sawasawa. Nikamwambia amesikia sawasawa, na kwamba mzee amesema kweli. Nikamweleza habari ya Mombo na habari ya Shume, nikampangia hoja yangu yote kama nilivyompangia mwalimu, kwa Kiingereza kilichokuwa kinaanguka na kuinuka. Fundi Bakari alinikanyaga mguu. Nikadhani amekosea, nikausogeza, nikaendelea. Bwana Matone alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Watu wa Kwemlole walimtazama anavyocheka, wakanitazama mimi, wala hawakuudhika hata kidogo. Jambo hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili ya kushtuka.

Ndipo Mama Rukia akaomba nafasi.

"Bwana asidhani tunakataa," alisema. "Bati tunalitaka. Tunaomba tu liwekwe mahali ambapo mvua haitalisikia."

Mzee Shechambo akamuuliza ni wapi huko.

"Kule juu, chini ya miti mikubwa. Majani yatameza kelele yote."

"Lakini kule ni kwa serikali, mwanangu."

"Na bati ni la nani, mzee?"

Nilipomfasiria Bwana Matone maneno hayo alicheka tena, lakini safari hii kwa upole. Aliniambia kwamba kama hadithi ndiyo itakayojenga tangi, basi na ijenge. Akaandamana na mtu wa msitu, mlinzi aliyewekwa na serikali, wakapanda, wakazunguka, wakabishana. Mtu wa msitu alikuwa mkali. Alisema mpaka ni mpaka. Bwana Matone akamwambia hawaombi mti wala shamba, ni banda tu la bati na tangi la serikali. Mwishowe vigingi vikang'olewa vikasogezwa ndani kidogo, kiasi cha banda kukaa. Kabla ya hapo vilikuwa havijawahi kusogea kwa ajili ya mtu.

Kazi ilifanywa kwa msaragambo, yaani kijiji kizima kinatoka kwa pamoja, na asiyetoka hutajwa jina mpaka atamani kuhama. Wanaume walipasua mawe, wanawake walipandisha mchanga kwa makarai kutoka bondeni. Mimi na Fundi Bakari tulisimamisha nguzo, tukapigilia bati taratibu, mimi nikiwa nimefunga kitambaa kwenye nyundo ili nisiamshe mawingu. Kuta tatu za tangi tulizijenga pamoja nao. Ilipofika ukuta wa nne, ule wa nyuma ulioegemea mlima, Mzee Shechambo alitushika mikono yote miwili. Alisema kwa desturi ya msaragambo mgeni halazi mawe ya mwisho. Mgeni hukaa, hula. Tukapelekwa kwa Mama Rukia tukalishwa makande yaliyopikwa na kunde na karanga, tukalishwa tena, tukalazwa kivulini. Nimezaliwa milimani, lakini desturi ile nilikuwa sijapata kuisikia. Niliipenda sana. Tuliporudi ukuta ulikuwa umekwisha, umesiliwa vizuri, na nyuma yake pamejazwa udongo na ukindu, utadhani palikuwa hivyo tangu enzi.

Sasa sikilizeni. Mvua haikunyesha. Wiki ile haikunyesha, wala iliyofuata. Na tangi likajaa.

Likajaa mpaka mdomoni. Wanawake walikuja na madebe asubuhi, wakateka, na jioni maji yamerudi palepale. Nilikaa pale nikatazama paa, mfereji, tangi, mpaka macho yakauma. Alfajiri bati lilikuwa limelowa kwa ukungu, na matone machache yalikuwa yakitembea kwenye mfereji wangu. Basi nikapata jibu. Ukungu wa mlimani unapolikuta bati limenyamaza chini ya miti, hauliogopi. Unalalia juu yake kama jasho kwenye mtungi wa maji baridi, unatiririka wenyewe. Bati la kelele hufukuza mvua, bati la kimya huiita. Nilimweleza Bwana Matone. Akaja kabla ya jua kuchomoza, akapitisha kiganja juu ya bati, kikalowa, akakitazama kiganja kile kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwa bwana harusi. Alisema huko kwao pia kuna watu walioandika kuhusu maji ya ukungu. Hakutaka kuamini sehemu ya masikio, lakini hiyo nyingine aliichukua nzima.

Fundi Bakari alichota kwa kikombe akaonja. Maji yalikuwa baridi, yana ladha ya mizizi. Akameza, akatabasamu, akaonja tena. Nilimuuliza anaonaje. Akaniambia nishike mkasi.

Kuanzia hapo mimi nikawa mtaalamu. Nilikuwa napita sokoni Lushoto kifua mbele, mbuzi wananipisha njia. Wakubwa walipendezwa, na mpango ukageuka: sasa vijiji vyote vya juu vinavyopakana na msitu vijengewe banda la bati chini ya miti, kwa mfano wa Kwemlole. Na kwa kuwa Fundi Bakari alikuwa amerudi Tanga kuuguza jamaa yake, nikatumwa mimi, mkuu wa msafara, kwenye kijiji kimoja upande wa Shume.

Huko nilijenga banda zuri kuliko la kwanza. Mfereji niliulaza kwa pimamaji, lehemu yangu ilishika, kuta nilizijenga zote nne bila kumwachia mtu jiwe, maana niliona desturi za msaragambo zinachelewesha. Watu walifanya kazi kwa bidii kwa sababu walikuwa wamesikia habari za Kwemlole. Siku ya kumaliza, wanawake walipanga madebe yao mstari mmoja kutoka kwenye tangi mpaka kwenye njia, wakaenda nyumbani kungoja.

Asubuhi tangi lilikuwa na maji ya kulowesha kidole.

Nikasema ukungu bado haujazoea. Siku ya pili kidole. Siku ya tatu kidole. Nikaona labda miti ya huku ni michache, kelele inapenya, nikaagiza majani ya mgomba na ukindu, nikafunika paa lote. Sasa hata kidole hakikulowa. Wanawake walikuja kila asubuhi, wakachungulia, wakayaacha madebe yao palepale kwenye mstari, wakashuka bondeni na mitungi ya zamani. Mzee mmoja akaniuliza kwa adabu kama ni kweli Kwemlole kuna maji, au ni maneno ya sokoni. Hilo ndilo lililonichoma. Watu wale walikuwa wameacha kulima mabonde yao wiki nzima wakinibebea mawe, na kiangazi kilikuwa bado kina safari ndefu.

Nikawaomba wanisubiri. Nikashika njia ya Kwemlole kwa miguu, nikakuta Mama Rukia yuko pale kwenye tangi, anaosha majani ya maboga. Maji yamejaa kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi," akaniamkia kwa Kishambaa. "Mbona umekonda?"

Nikamweleza yote. Nikamweleza habari ya banda, ya mfereji, ya majani ya mgomba, ya madebe kwenye mstari. Nikamwomba aniambie siri ya kulifanya bati likae kimya, kwa maana bila shaka kuna kitu wazee walikisoma au walikizika ambacho mimi sikukiona. Alikuwa akinisikiliza na tabasamu, kisha tabasamu likaondoka taratibu. Alinitazama usoni kwa muda, kama mtu anayetafuta mahali mzaha ulipojificha, asiuone.

"Kumbe wewe ulikuwa unasema kweli siku ile?" akaniuliza.

"Siku ipi, mama?"

"Siku ya baraza. Sisi tulijua unatusaidia. Mzee Shechambo alikusifu mwezi mzima. Alisema yule kijana wa Kiingereza ana moyo, amesema uongo wetu vizuri kuliko sisi wenyewe."

Alijifuta mikono kwenye kanga, akanichukua nyuma ya tangi, akainama, akafunua ukindu na udongo. Chini yake kulikuwa na mwanzi uliopasuliwa na kufungwa tena, unatoka msituni moja kwa moja kwenye chemchemi, unaingia ndani ya ukuta ule wa nne. Niliweka sikio. Maji yalikuwa yanapita yakinong'ona.

"Mvua haiogopi bati," alisema Mama Rukia. "Haina masikio, mwanangu. Haikunyesha kwa sababu ni mwaka wa ukame, basi."

Nikamuuliza kwa nini basi walisimama mbele ya Bwana na kusema vile, watu wazima, mbele ya msikiti.

"Kaka yangu alikwenda ofisini kabla ninyi hamjaja. Alisema tunaomba chemchemi yetu. Wakamuuliza nani amekutuma, nani mwingine anasema hivyo, wakamweka ndani mpaka mahindi yake yakaliwa na nyani. Ukisema unataka maji ya msituni, unafungwa. Ukisema mvua inaogopa bati, unachekwa. Tukaona afadhali tuchekwe."

"Hakuna hata mmoja aliyeamini?"

"Hakuna. Hata yule Bwana hakuamini, aliamini tu kwamba sisi tunaamini. Uliyeamini ni wewe peke yako."

Alirudishia udongo, akaushindilia kwa unyayo, akapanga ukindu juu yake kama anayefunika chungu.

"Paa la kule ondoa hayo majani, litashika kutu," akasema. "Halafu uwaulize kina mama wa kule walikuwa wanateka wapi kabla ya vigingi. Bati lipeleke huko."